Redio mpya ndani ya gari la kifahari la zamani: dalili, chanzo na tiba

Kwenye gari la kawaida, kubadilisha redio ni kazi ya kuunganisha nyaya rangi kwa rangi na kurudisha fremu ya dashibodi mahali pake. Gari la kifahari lenye miaka 15 au zaidi halikubali wepesi huo. Redio yake ya kiwandani haikuwa kifaa cha kujitegemea. Amplifaya iko kwenye buti, spika zimetengenezwa kwa ajili ya amplifaya hiyo tu, vitufe vya usukani hutuma data, na pengine hata mlio wa kukumbusha mkanda hutokea kwenye spika hizohizo. Ndiyo maana kasoro nyingi baada ya kufunga redio mpya hazitoki kwenye redio yenyewe. Hutokea pale kifaa kipya kinapokutana na mfumo wa zamani. Anayekimbilia kuirudisha dukani kwa madai kwamba ni mbovu hupewa nyingine, akaifunga, na ugonjwa ukabaki palepale.

Basi kabla ya kupiga ramli, pima. Unahitaji multimita ya kawaida, betri ndogo ya volti 1.5, tochi, na vijiti vya plastiki vya kung'olea mapambo ya mbao bila kuyapasua (mbao za magari haya hupasuka kirahisi sana, na kupata nyingine ya rangi ileile ni mtihani). Kama redio ya zamani ina msimbo wa kuzuia wizi, uandike kabla hujatoa betri. Plagi za rangi ya njano ni za mifuko ya hewa. Usiziguse wala usizipime ukinzani, na ukilazimika kupita karibu nazo, toa betri kwanza na usubiri dakika kadhaa.

Kwanza ujue umerithi mfumo gani

Vuta redio ya zamani nje, itazame mgongoni. Katika baadhi ya magari ya miaka ya 1970 na ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, utakuta spika zikichangia waya mmoja wa hasi, au hasi imefungwa moja kwa moja kwenye bodi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990 ndipo zilipoenea amplifaya za pembeni zinazopokea sauti kwa nyaya za kawaida, kama kwenye Lexus LS 400. BMW za vizazi vya E38 na E39 ziliongeza waya wa data unaobeba amri za vitufe. Kisha ukaja mwanga: Mercedes S-Class W220 ya 1998 ilitumia mtandao wa D2B, na BMW 7 Series E65 ya 2001 ikaanzisha MOST. Humo sauti husafiri ndani ya uzi wa plastiki, na hakuna waya wa shaba unaobeba muziki kutoka redio hadi amplifaya.

Ukikosea hapa, kila utakachofanya baadaye kitakuwa ni kubahatisha. Ukiona plagi yenye vitundu viwili vidogo, na kimoja kinatoa mwanga mwekundu redio ikiwa imewashwa, hilo ni gari la mwanga. Redio ya kawaida haitaliwezesha kuimba bila adapta ya mtandao huo, au bila kuvuta nyaya mpya na kufunga amplifaya mpya.

Redio haiwaki kabisa

Anza na fyuzi ya mgongoni mwa redio, kisha fyuzi ya gari. Pima waya wa njano dhidi ya bodi. Unapaswa kupata takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.8 na 14.4 ikiwa inanguruma. Waya mwekundu upate umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Mweusi ni hasi, na usiuamini kwa macho: weka multimita kwenye kipimo cha ukinzani, ncha moja kwenye mweusi na nyingine kwenye chuma kitupu cha bodi, usome karibu na sifuri.

Mara nyingi kwenye magari ya data utakuta waya mwekundu hauna umeme hata ufunguo ukiwashwa. Haujakatika. Gari halikuwahi kuwa na waya huo, kwa sababu redio ya kiwandani iliamshwa kwa ujumbe wa data. Kuna njia mbili za haki: adapta inayosoma mtandao wa gari na kutoa volti 12 wakati wake, au kuchukua umeme kwenye fyuzi inayowaka na ufunguo. Ya tatu, kuunga mwekundu na njano pamoja, ndiyo wengi wanayoikimbilia, na ndiyo inayowaachia betri iliyokufa asubuhi ya siku ya tatu.

Redio inasahau saa na stesheni kila ukizima gari

Hili ni jepesi. Plagi za mpangilio wa ISO (kiwango cha kimataifa) huweka umeme wa kudumu kwenye pini A4 na umeme wa ufunguo kwenye A7. Volkswagen na Audi nyingi za zamani zimegeuza hizo mbili. Ukichomeka redio mpya moja kwa moja, kumbukumbu yake inakula umeme wa ufunguo. Badilishana njano na nyekundu. Redio nyingi zina viunganishi vidogo vya kuchomoa katikati ya nyaya hizo kwa kazi hiyohiyo, huna haja ya kukata chochote.

Ukiwa hapo kwenye Audi, kuna mtego mwingine. Pini mojawapo ya plagi ya zamani hubeba laini ya uchunguzi wa hitilafu ya gari. Ikigusana na kitu ndani ya redio mpya, kompyuta ya fundi haitaweza tena kuzungumza na injini wala breki. Kama baada ya kufunga redio mashine ya uchunguzi inagoma kuunganika, chomoa redio ujaribu tena. Ikikubali, itoe pini hiyo kwenye plagi, uifunge utepe na kuiacha nyuma ya dashibodi.

Inawaka, taa zote zinapendeza, lakini gari kimya

Mchawi wa kwanza ni waya wa kuamsha amplifaya. Amplifaya ya kwenye buti hulala hadi ipate volti 12 kutoka kwa redio, kwa kawaida kupitia waya wa bluu wenye mstari mweupe. Pima ncha yake kule kwenye amplifaya, siyo kwenye redio, kwa sababu waya uliolala chini ya zulia miaka 20 huweza kuwa na umeme upande mmoja na ukawa mkavu upande wa pili. Usichanganye na bluu tupu, ambao ni wa antena: kwenye redio kadhaa hukatika umeme pale unapohama kutoka FM kwenda Bluetooth au USB. Kama muziki unasikika kwenye FM tu na vingine vyote ni kimya, umeunga bluu isiyo yake.

Kama umeme wa kuamsha upo, na fyuzi ya amplifaya ni nzima, na hasi yake ni safi, fungua amplifaya yenyewe. Kapasita za zamani (vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme) hukauka au huvuja. Magari ya Kijapani ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, Lexus LS 400 ya kwanza ikiwamo, yana sifa hiyo kwenye visanduku vyake vingi vya elektroniki. Dalili ya mapema ni sauti inayoanza hafifu asubuhi na kukomaa gari likipata joto. Ukiinua kifuniko, tumia pua: majimaji ya kapasita yana harufu inayokaribia samaki waliovunda, na chini ya kopo dogo la alumini utaona ubao umebadilika rangi, laini za shaba zikiwa na ukungu wa kijani. Kubadilisha kapasita ni kazi ya lehemu inayowezekana nyumbani kama mkono wako umezoea. Zingatia alama ya hasi, na volti ya kapasita mpya isiwe chini ya ile ya zamani.

Kwenye magari ya mwanga, hesabu ni nyingine. Vifaa vyote vimepangwa kwenye duara: redio humpa amplifaya, amplifaya humpa kisanduku cha simu, nacho humpa kibadilisha CD, hadi mwanga urudi ulikotoka. Kimoja kikifa, au ukichomoa kimoja bila kuziba pengo, duara limekatika na wote wananyamaza. Kisanduku cha simu ambacho hakijatumiwa kwa miaka, kilichofichwa kwenye kona ya buti inayopenya maji, kinaweza kunyamazisha gari zima. Nunua kiunganishi kidogo cha kufunga duara, kile kinachorudisha mwanga ulikotoka. Chomoa kifaa kimoja, weka kiunganishi mahali pake, washa. Sauti ikirudi, umempata. Isiporudi, mrudishe na uende kwa anayefuata. Badala ya kuchungulia ndani ya plagi, elekeza ncha ya uzi kwenye karatasi nyeupe na utaona doa jekundu. Doa likiwa hafifu sana ukilinganisha na la kifaa jirani, uzi umebanwa au umekunjwa. Nyuzi hizi hazivumilii mkunjo wenye nusu kipenyo cha chini ya milimita 25, na usiziunge kwa utepe wala kuzifunga kwa kamba ya plastiki iliyokazwa.

Jambo moja huwashangaza wengi: redio ya kiwandani mara nyingi ndiye msimamizi wa duara hilo. Ukiitoa, amplifaya haina wa kumsikiliza hata kama ni nzima kabisa. Pamoja na muziki hupotea milio ya tahadhari, ya kurudi nyuma, na ya kiashirio cha kupinda, kwa sababu katika magari mengi ya aina hii hiyo nayo hupitia amplifaya. Kwa maoni yangu, kama gari ni la mwanga na redio yake ya kiwandani bado ni nzima, iache mahali pake na uongeze adapta ya Bluetooth inayojiunga na mtandao wake. Utapata unachokitaka kwa robo ya usumbufu.

Spika za mbele zinaimba, za nyuma hazina habari

Angalia kwanza usawazisho wa mbele na nyuma kwenye redio, nisije nikakufungulisha gari bure. Kisha fikiria kwamba gari lako lina nusu ya mfumo tu wa amplifaya. Audi kadhaa za miaka ya 1990 ziliendesha spika za mbele kutoka kwenye redio, na za nyuma kutoka kwenye amplifaya inayohitaji ishara ndogo na waya wa kuamsha. Ukiunga waya wa spika kwenye tundu la ishara ndogo, unapata kimya au mkwaruzo. Kuna adapta maalumu za mfumo huo, na ni bora kuliko kubuni.

Mercedes za miaka ya 1980 nazo zina kirungu au kitufe kinachojitegemea cha kugawa sauti mbele na nyuma, kando ya redio. Hicho kiliundwa kwa redio za wakati huo. Kikibaki kwenye njia ya redio ya kisasa, sauti hukwaruza, hutoka upande mmoja, au redio hujizima. Kipite kando: vuta nyaya nne, mbili kwa kila spika ya nyuma, moja kwa moja hadi kwenye redio.

Sauti inakatika ukiongeza, au redio inaandika kwamba imejilinda

Hapa kuna sababu tatu zinazofanana kwa nje na zilizo tofauti kabisa kwa ndani.

Ya kwanza ni hasi ya pamoja. Redio ya kisasa huendesha kila spika kwa nyaya mbili zilizo hai. Ukipima kila mmoja dhidi ya bodi utakuta takriban volti 6, yaani nusu ya betri. Waya wa hasi wa spika ukigusa bodi, au ukiunganishwa na hasi ya spika nyingine, umeisukuma redio kwenye shoti. Zilizo na bahati hujilinda, na nyingine huungua. Tenganisha kabisa nyaya za spika kutoka kwenye redio, pima kila mmoja dhidi ya bodi kwa kipimo cha ukinzani. Zote zinapaswa kuonyesha hakuna njia. Hata mmoja ukikupa namba, una waya uliobanwa kwenye bawaba ya mlango au gari la hasi ya pamoja. Kwa gari la aina hiyo hakuna mkato: vuta nyaya mpya mbilimbili.

Ya pili ni spika zenye ukinzani mdogo. Bose ilianza kwenye Cadillac Seville ya 1983, kila spika ikiwa na sanduku na amplifaya yake, na katika magari mengi ya baadaye ikaweka spika za omu 2 au chini yake. Redio za sokoni zimetengenezwa kwa omu 4. Pima spika ikiwa imechomolewa: spika ya omu 4 husoma kati ya 3.2 na 3.6 kwenye multimita, kwa sababu multimita husoma waya wa koili tu. Ukiona 0.8 au 1.2, usiiunge na redio moja kwa moja. Ama uiache na amplifaya yake ya zamani, ama ubadilishe vyote viwili kwa pamoja. Kubadilisha spika peke yake na kuacha amplifaya ya zamani nako kuna tabu yake, kwani spika ya omu 4 kwenye amplifaya iliyotarajia omu 1 itatoa sauti ndogo, na utajiuliza fedha zilienda wapi.

Ya tatu ni umeme unaopungua njiani. Waya mwembamba, au ule unaouzwa kama shaba kumbe ni alumini iliyopakwa shaba, hushusha volti besi inapopiga. Pima volti kwenye amplifaya muziki ukiwa juu. Ikishuka chini ya 11 huku betri ikisoma 12.5, waya ndiye mwizi. Alumini iliyopakwa shaba ichukuliwe saizi moja kubwa zaidi ya ile ya shaba halisi. Fyuzi ya waya mkuu ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kulinda waya usiwake moto, wala haihusiani na usalama wa amplifaya.

Ukiwa hapo, usiyaamini sana maandishi ya boksi. Redio isiyo na amplifaya, kwa volti 14.4 na spika ya omu 4, haiwezi kutoa sauti safi ya zaidi ya takriban wati 26 kwa kila njia, hata kama boksi linapiga kelele za 50 mara nne. Hesabu ni ya shule tu: 14.4 ndicho kilele, gawanya kwa 1.41 upate 10.2, zidisha kwa yenyewe, gawanya kwa 4. Kama unaongeza sauti hadi inakwaruza ukidhani una wati 50, tatizo ni matarajio.

Mlio wa kunong'ona unaopanda na kushuka na mwendo wa injini

Hii ndiyo kero kuu, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Watu hununua kichujio, wakafunga, mlio ukapungua nusu, wakaridhika. Kichujio huficha dalili. Chanzo karibu kila mara ni hasi mbili zenye volti tofauti: redio imefungwa bodi sehemu moja, amplifaya sehemu nyingine, na tofauti ndogo kati yao hupita kwenye ngozi ya waya wa RCA (ule unaobeba ishara ya sauti kutoka redio hadi amplifaya) kama muziki.

Fuata ngazi hizi. Washa injini, shusha sauti hadi sifuri. Mlio ukipungua pamoja na sauti, unaingia kabla ya kidhibiti cha sauti, yaani upande wa chanzo, kwa mfano simu inayochajiwa huku ikiwa imechomekwa kwenye AUX. Hapo kitenganishi kidogo cha transfoma ndiyo dawa halali. Mlio usipobadilika, chomoa RCA kwenye amplifaya. Ukinyamaza, unatoka kwenye waya wa RCA au redio. Ukiendelea, amplifaya yenyewe au spika zake zinaupokea.

Kisha pima hasi ya amplifaya. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye skrubu ya hasi ya amplifaya, nyingine kwenye hasi ya betri, muziki ukiwa juu. Kitu chini ya volti 0.1 ni kizuri. Ukisoma 0.5, mchawi umemshika: rangi ya bodi chini ya skrubu, bolti ya kiti isiyogusa chuma vizuri, au waya mrefu. Parura rangi hadi chuma king'ae, tumia bolti imara ya bodi (isiwe ya mkanda wa usalama), waya mfupi usiozidi nusu mita na wenye unene uleule wa waya wa chanya, kisha paka grisi juu kuzuia kutu.

Kuna kosa moja dogo linalowatesa watu kwa majuma. Baadhi ya redio zina fyuzi nyembamba sana ndani, kwenye hasi ya plagi za RCA. Ukichomeka RCA wakati redio ina umeme na hasi yake haijafungwa, fyuzi hiyo huungua na mlio unakuwa mkali ghafla. Chomoa RCA, pima kati ya pete ya nje ya plagi na mgongo wa redio. Inapaswa kuwa karibu sifuri. Ikiwa hakuna njia, ndiyo hiyo. Fundi wa bodi za elektroniki huirekebisha kwa dakika chache.

Kama vyote ni safi, shuku alteneta. Pima volti za AC kwenye betri injini ikinguruma na taa zikiwa zimewashwa. Ikifika nusu volti, daiodi zimechoka, na kelele ya redio ni tatizo dogo kuliko linalokuja.

Mpasuko mmoja mkubwa wakati wa kuzima gari ni kitu kingine: amplifaya inabaki macho sekunde moja baada ya redio kulala. Amplifaya yenye kunyamazisha taratibu hulimaliza.

Besi imepotea tangu ubadilishe

Geuza mpangilio wa chanya na hasi wa spika moja. Ndiyo, ni hivyo tu katika matukio mengi: spika ya kushoto inasukuma wakati ya kulia inavuta, na besi zinauana katikati ya gari. Ili kuhakiki, chomoa spika kutoka kwenye redio, gusisha betri ya volti 1.5 kwa muda mfupi. Koni ikitoka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Usifanye hivi kwa twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba. Rangi za kawaida za nyaya ni nyeupe mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, zenye mstari mweusi ni hasi. Lakini hizo ni rangi za redio. Gari lako lina rangi zake.

Kama umeacha amplifaya ya kiwandani na ukachukua sauti kutoka kwenye nyaya zake za spika kwa ajili ya sabufa mpya, tatizo linaweza kuwa la makusudi: mifumo mingi ya kiwandani hupunguza besi kadiri sauti inavyopanda ili kulinda spika zake ndogo. Utaisikia: kwa sauti ya chini besi ni tamu, ukipandisha inakonda. Tiba ni kichakata sauti kinachoweza kurekebisha mkato huo, au kuchukua ishara kabla ya amplifaya pale inapowezekana.

Ukiweka amplifaya mpya, usiwe mkarimu na kitufe chake cha kukuza ishara. Kwa wati 75 na omu 4, zidisha, upate 300, kipeuo chake cha pili ni volti 17.3. Chomoa spika, cheza sauti tulivu ya hezi 1000 kwa spika za milango au 50 kwa sabufa, redio ikiwa robo tatu, ongeza kitufe mpaka multimita isome hiyo kwenye AC. Kisha kiache.

Mkwaruzo au mtetemo kwenye mlango mmoja

Toa spika uitazame. Ukingo wa sponji unaoshika koni huoza kwa umri, hata kwenye gari lililotunzwa: ukiugusa unabaki kidoleni kama masizi yanayonata. Bonyeza koni polepole kwa vidole viwili pande zote mbili. Ikienda kimya, koili ni nzima na ukingo mpya unatosha. Ikikwaruza, badilisha spika. Spika za kiwandani za magari haya mara nyingi zina matundu ya kufungia yasiyo ya kawaida, hivyo kubandika ukingo mpya kunaweza kuwa rahisi kuliko kutafuta fremu inayokaa.

Usitupe wala kuacha wazi ile karatasi ya plastiki iliyo nyuma ya ngozi ya mlango. Ndiyo inayoelekeza maji ya mvua yashukie kwenye matundu ya chini ya mlango. Ikiachia, zulia linaloa. Kwenye Audi A6 ya C5, kisanduku kinachodhibiti kufuli na vioo kimelala chini ya zulia la mbele, upande wa kushoto. Mtu hubadilisha spika Januari, na kufikia msimu wa mvua vioo vinashuka vyenyewe usiku. Ibandike upya kwa gundi ya butili pande zote.

FM imekuwa dhaifu

Antena za kioo cha nyuma zina vikuzaji vyake. Redio ya kiwandani ilipeleka volti 12 kupitia waya uleule wa antena, redio mpya haipeleki. Nunua adapta ya antena inayoingiza umeme huo, uunge waya wake kwenye bluu tupu. Kama gari lina plagi mbili za antena, usidhani moja ni ya ziada, maana mfumo ulikuwa ukichagua iliyo bora. Adapta inayoziunganisha pamoja ipo.

Antena ya mota inayonguruma bila kupanda imekatika meno ya nailoni ndani. Mlingoti mpya wenye kamba yake huuzwa peke yake, huna haja ya kununua mota. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani, redio yake ya zamani huishia karibu na megahezi 90. Hilo si ubovu, na redio mpya yenye masafa ya eneo lako inalimaliza.

Vitufe vya usukani vimekufa au vinachanganya amri

Chomoa plagi ya vitufe, pima ukinzani kati ya nyaya zake ukibonyeza kimoja kimoja. Ukipata namba tofauti kwa kila kitufe, ni mfumo wa rezista na redio nyingi zinaweza kujifunza amri hizo. Usipopata kitu, ni data, na utahitaji adapta ya gari hilo hasa. Kama namba zinarukaruka ukizungusha usukani, tatizo lipo kwenye utepe wa mzunguko chini ya usukani. Utepe huo huo ndio unaobeba waya wa mfuko wa hewa, kwa hiyo hapo mwachie fundi.

Betri inakufa ikilala siku mbili

Funga gari, lakini kama betri iko kwenye buti, fanya kufuli la buti liamini limefungwa kwa kulisukuma na bisibisi, ili uweze kufika kwenye betri bila kuliamsha gari. Weka multimita kwenye ampea 10, mfululizo na waya wa hasi (kati ya waya huo na betri, umeme upite ndani yake), na subiri nusu saa au zaidi hadi visanduku vyote vilale. Usiwashe injini multimita ikiwa pale. Kinachobaki kisizidi miliampea 50. Ukikuta 300, chomoa fyuzi ya redio kwanza, kisha ya amplifaya, uone namba inashuka wapi. Mara nyingi ni waya wa kuamsha amplifaya uliounganishwa kwenye umeme wa kudumu, au redio mpya isiyopokea ujumbe wa gari wa kulala. Ikiwa namba haishuki kwa zote mbili, rudisha fyuzi zako na uendelee na zingine moja moja, ukianza na ya kisanduku cha simu.